Macho Makavu Matangani



Kuna swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini, mafundisho yakiisha na wenzao wakienda zao: «Mwalimu, baba yangu alipokufa wote walilia, mimi sikulia. Je, moyo wangu ni jiwe?» Mwingine huuliza kinyume chake: «Mbuzi wangu alipokufa nililia kuliko nilipomzika shangazi. Mimi ni mtu wa namna gani?» Swali hili si la kuchekwa. Mahali pengi, mfiwa akikaa matangani na macho makavu, watu huanza kunong'ona kwamba labda yeye ndiye aliyemroga marehemu. Basi huyo ana msiba wake, ana hofu ya majirani, tena hujishtaki mwenyewe usiku.

Sikilizeni habari ya Mtakatifu Augustino, mtu wa Afrika, aliyezaliwa mwaka wa 354 mjini Thagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria. Mama yake, Mtakatifu Monika, alimlilia Mungu miaka mingi kwa ajili yake, mpaka alipobatizwa Milano kwa mkono wa Askofu Ambrosi, Pasaka ya mwaka wa 387. Mwaka uleule, walipokuwa Ostia, bandari ya Roma, wakingoja kurudi Afrika, Monika alishikwa na homa, akafa siku ya tisa. Umri wake ulikuwa miaka 56.

Mwana huyo aliyependwa hivyo hakulia. Alimfumba mama yake macho, na machozi yalipotaka kutoka akayazuia kwa nguvu. Adeodato, mwanawe, alipopaza kilio, walimnyamazisha. Augustino akaenda kaburini, akarudi, bila chozi. Akazungumza na wageni kwa utulivu, hata wakadhani hana uchungu. Akaenda kuoga, maana alisikia kwamba kuoga huondoa huzuni. Akatoka vilevile alivyoingia. Kisha akalala. Alipoamka, akiwa peke yake kitandani, alikumbuka wimbo wa Ambrosi, akamkumbuka mama na upole wake, na hapo akalia.

Yeye mwenyewe aliyaandika hayo katika kitabu chake cha Maungamo. Linalonigusa zaidi ni hili: kabla ya kulia alijilaumu kwa kuwa anaona uchungu, akahuzunikia huzuni yake, na baada ya kulia akaona lazima ajitetee mbele ya msomaji. Mwenye akili kama huyo hakuweza kumridhisha mshtaki aliyekaa ndani yake!

Kosa la mshtaki huyo ni kuyahesabu maono ya moyo kama matendo. Maono huja bila kuitwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka wa 1992 yafundisha kwamba kwa yenyewe si mema wala si mabaya. Nia ya mtu ndiyo inayoyageuza huku au huku. Ukisikia furaha ghafula jirani yako akipata hasara, hujatenda dhambi bado. Ukiikaribisha furaha hiyo na kuipikia chakula, umeiridhia. Lakini machozi hayaamriwi. Kidole kilichopigwa na jembe mara nyingine hufa ganzi kwanza, maumivu hufuata. Na yule aliyemlilia mbuzi? Mara nyingine analia msiba wa zamani uliokosa mlango wa kutokea.

Someni Injili ya Yoane, sura ya 11. Lazaro amekufa. Marta anatoka kumlaki Yezu njiani na kusema naye. Maria anabaki nyumbani. Yoane anataja machozi ya Maria. Juu ya machozi ya Marta hasemi neno. Lakini aya ya 5 yasema Yezu aliwapenda Marta, na dada yake, na Lazaro. Marta ametajwa wa kwanza.

Kwa hiyo, anayekuja kwangu na swali lile namwuliza nami: nani aliyemwosha baba yako alipokuwa mgonjwa? Nani aliyechimba kaburi? Mama yako mjane anakula kwa nani sasa? Mara nyingi jibu ni yeye yuleyule mwenye macho makavu.

Lakini mtu akikosa usingizi, chakula na nguvu ya kazi kwa majuma mengi, au akisema kwamba yeye pia ataka kufa, hapo msimwachie maneno yangu haya tu. Mwongozeni kwa muuguzi, na mmoja wenu abaki naye usiku.