Uchache wa Moshi na Uadilifu wa Taifa

Katika midahalo ya shuleni na katika mikutano ya hadhara husikika mara kwa mara hoja isemayo kwamba Tanzania haina hatia katika suala la kuongezeka kwa joto duniani, kwa kuwa moshi wake ni mchache. Hoja hiyo ina ukweli mkubwa ndani yake. Hata hivyo, ukweli nao ukitumiwa vibaya waweza kumlaza mtu usingizi. Katika makala haya tutauliza swali la kimaadili: je, uchache wa moshi wa taifa ni uadilifu? Tutalitazama swali hilo hasa kutoka mkoa wa Singida, kwa sababu huko pande zake zote zinaonekana waziwazi.

Yafaa kwanza tuafikiane juu ya maana. Jua huipasha ardhi joto, nayo ardhi hulirudisha joto hilo angani. Zipo gesi zinazozuia sehemu ya joto hilo lisitoroke, kama blanketi lizuiavyo joto la mwili usiku wa kipupwe. Hizo ndizo gesi joto. Kuu kati yake ni hewa ukaa, itokanayo na kuchoma makaa ya mawe, mafuta, gesi asilia na miti. Nyingine ni methani, itokayo kwa wingi katika matumbo ya ng'ombe. Kabla ya mapinduzi ya viwanda huko Ulaya, katika kila sehemu milioni moja za hewa, hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi. Leo imepita 420.

Ni nani aliyeiongeza? Historia inajibu bila kigugumizi. Marekani peke yake imetoa kama robo ya hewa ukaa yote iliyotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu viwanda vianze, na bara zima la Afrika halifikii hata asilimia 4. Kwa hesabu hiyohiyo, Mmarekani mmoja hutoa zaidi ya tani 13 kwa mwaka, ilhali Mtanzania hutoa kama robo ya tani tu. Kwa hiyo taifa lililotajirika kwa moshi halina haki ya kumhubiria kiasi mtu ambaye hajawahi kushiba.

Hata hivyo, hesabu yetu nayo inapanda. Mwaka 1990 nchi yetu ilitoa chini ya tani milioni 3 za hewa ukaa ya namna hiyo. Siku hizi imepita milioni 10. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3, na ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Magari na viwanda vimeongezeka. Umeme uliotegemea zaidi nguvu za maji ulianza kuzalishwa kwa gesi ya Songo Songo mwaka 2004, baada ya ukame kutufundisha kwamba mito nayo hukauka. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, sasa limeirudishia mito nafasi yake.

Lakini mitambo na magari si sehemu kubwa ya hesabu yetu. Sehemu kubwa hutoka katika ardhi yenyewe: misitu inayofyekwa, miti inayochomwa mkaa, na mifugo. Kati ya 2002 na 2013 nchi yetu ilipoteza karibu hekta 470,000 za misitu kila mwaka. Hapa ndipo Singida inapotuhusu.

Singida ni mkoa wa nyanda kavu upatao mvua za msimu mmoja tu kwa mwaka. Wanyaturu, Wanyiramba na majirani zao wamelima uwele na mtama na kufuga ng'ombe tangu zamani, na Wanyaturu wakajua kuyarutubisha mashamba yao kwa samadi ya mazizi. Mkulima huyu hakuchoma makaa ya mawe, wala hakumiliki kiwanda. Mvua zikikosekana, yeye ndiye auzaye ng'ombe wake kwa bei ya kutupa ili anunue chakula. Lakini ng'ombe huyo, na kuni za jikoni mwake, na gunia la mkaa lililowekwa kando ya barabara kungoja mnunuzi, vyote vimeandikwa katika daftari la gesi joto la taifa.

Je, mkulima huyo ni mkosaji? Mwaka 1993 mwanafalsafa wa Kimarekani Henry Shue alitenganisha moshi wa kujikimu na moshi wa anasa, akasema si haki kuvipima viwili hivyo kwa mizani moja. Tunakubaliana naye. Moshi wa mama apikaye ugali hauwezi kulinganishwa na moshi wa mtu arukaye kwa ndege kwenda kustarehe.

Lakini mizani hiyo, tukiikubali baina ya mataifa, hatuna budi kuikubali pia baina yetu wenyewe. Mkaa mwingi unaochomwa vijijini haupikiwi vijijini. Husafirishwa kwa malori kwenda mijini, kwa watu ambao baadhi yao wana uwezo wa kununua gesi au umeme. Mchomaji hubaki na kisiki, vumbi na lawama; mla pilau wa mjini hubaki na jina safi. Tunalalamika, na tuna haki, kwamba mataifa makubwa yamefaidi moshi na kutuachia sisi ukame. Basi tusifanye jambo hilohilo kwa ndugu zetu. Nyani haoni kundule.

Sasa turudi kwenye swali letu. Aliyekosa chakula hasemwi kuwa amefunga. Saumu huitwa saumu kwa sababu mfungaji angeweza kula naye akachagua kutokula. Vivyo hivyo, taifa lenye moshi mchache kwa sababu watu wake hawana taa wala mashine halijatenda wema, limekosa tu. Kujivunia ukosefu huo ni kuusifu umaskini. Uadilifu huanza pale uwezo unapopatikana na uchaguzi ukawapo.

Singida imewahi kutuonyesha uchaguzi wa namna hiyo. Katika miaka ya 1990 vijiji vitano vinavyouzunguka msitu wa Mgori, wenye zaidi ya hekta 40,000, vilipewa dhamana ya kuusimamia, vikaweka sheria ndogo na walinzi wao wenyewe. Miaka ya baadaye mashamba mapya na uchomaji mkaa viliusumbua msitu huo. Watu wachache hawawezi kulinda kwa jasho lao kile ambacho soko la nchi nzima linakitafuta kwa fedha.

Uchaguzi mwingine uko mbele yetu. Njia ya bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, inapita katika mkoa huu. Na katika mkoa huuhuu kunavuma upepo ambao kwa miaka mingi umetajwa katika mipango ya umeme. Mafuta hayo yatachomwa kwingineko, na moshi wake utaandikwa katika madaftari ya wengine. Lakini dhamiri haipimi mambo kama forodha. Tukiufaidi ushuru wa bomba, tusiseme kwamba hatuujui moshi wake. Walau tujiulize ni kiasi gani cha fedha hizo kitageuzwa kuwa umeme wa upepo na jua kwa wale ambao bomba limewapitia mlangoni.

Mwaka 2021 taifa letu liliahidi kupunguza gesi joto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila jitihada. Mwaka 2024 likatoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania mwaka 2034. Ahadi hizi ni njema, lakini mzigo wake ugawanywe kwa haki: mwenye nacho mjini atangulie kuacha mkaa, na mchomaji wa kijijini apewe kazi nyingine kabla ya kupewa faini.

Walimu na wanafunzi wanaweza kuanza na jiko la shule yao: wahesabu kuni zinazotumika kwa muhula mmoja, waulize zilikatwa wapi, na ni nani aliyelipwa, na kiasi gani. Maswali hayo matatu yatawafundisha uchumi, jiografia na uraia kwa pamoja. Na dunia tuendelee kuidai deni lake bila kuona haya, huku tukihakikisha kwamba sisi wenyewe hatudaiwi na Singida.