Yesu Alibaki na Umati



Katika sura ya 6 ya Injili ya Marko, mitume wanarudi kutoka utume wao wa kwanza. Wamehubiri, wamewapaka wagonjwa mafuta na kuwaponya, na wana mengi ya kumsimulia Bwana. Lakini watu wanaingia na kutoka bila kikomo, hata nafasi ya kula hawapati. Yesu anawaambia wajitenge, waende mahali pasipo watu wapumzike kidogo. Maneno hayo huwa tunayasoma tukiwawazia mapadre na masista. Wiki hii naomba tuyasome tukiwawazia wauguzi wanaowahudumia wagonjwa wa saratani hapa mkoani Singida.

Mgonjwa wetu akigundulika, huandikiwa rufaa. Ataenda Dodoma, kama kilomita 240. Au Bugando, Mwanza. Au Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka hapa. Huko atapata mionzi au dawa za dripu, kisha atarudi. Na kwa kuwa wengi wetu tunafika hospitali ugonjwa umeshakomaa, baada ya kupita kwa waganga wa kienyeji na kusubiri alizeti iuzwe ili nauli ipatikane, mara nyingi safari hiyo ya kurudi huwa ya kuja kufia nyumbani. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000, na vifo vilikaribia 27,000. Katika kila watu watatu tunaowaandikia ugonjwa huu, tunazika karibu wawili. Na wengi wa hao wawili, kabla sisi hatujawapokea wakiwa jenezani, muuguzi fulani amekesha nao.

Hebu tumtazame muuguzi huyo akiwa kazini. Kitandani amelala mama mwenye kidonda cha saratani ya titi. Harufu ni kali, na ndugu waliokuja kumwona wanasogea taratibu kuelekea dirishani. Muuguzi yeye anasogea karibu. Analoanisha bandeji kidogokidogo ili isimnyofoe nyama, anasafisha, kisha anasaga vidonge vya flajili na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda ili kupunguza harufu, mama asione haya mbele ya wanawe. Muda wote huo anamzungumzisha Kinyaturu, anamuulizia wajukuu na mifugo. Mama anamshika mkono: "Mwanangu, hivi nitapona?" Muuguzi anatafuta jibu ambalo si uongo wala si hukumu. Anamaliza kufunga, anavua glavu, ananawa, anakwenda kitanda kinachofuata.

Jioni atakutana na mume wa mama yule sokoni. Jumapili atakaa benchi moja na binti yake kanisani. Mji mkubwa una nafasi ya kujificha. Makiungu, Iambi au Kiomboi haina. Muuguzi wa kwetu anawauguza majirani, walimu waliomfundisha, mashangazi zake. Wakifa, zamu ya kesho iko palepale ukutani na jina lake liko kwenye ratiba. Wakati mwingine hata mazishini hafiki.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliweka bayana, katika mwongozo wake wa kuainisha magonjwa, hali ya mtu kuishiwa nguvu kabisa kwa sababu ya kazi. Halikuiita ugonjwa. Lilisema ni matokeo ya msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa ipasavyo, na likataja dalili zake: mtu huishiwa nguvu, moyo wake hujitenga na kazi yake, na huona hakuna la maana analofanikisha. Nawaomba mtulie hapo kwenye kujitenga kwa moyo. Tunalalamika sana kwamba nesi fulani amekuwa mkali, amekuwa jiwe, anamjibu mgonjwa bila hata kumtazama. Wako wenye tabia mbaya, nami siwatetei. Ila wengine wamekuwa hivyo kwa sababu walimpenda mgonjwa wa kwanza, wakampenda wa kumi, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanalala vipi usiku.

Sisi tumewapa nini? Tumewapa sifa. Siku ya Wauguzi, 12 Mei, tunawaambia kazi yao ni wito, na ni kweli. Halafu tunaendelea kuitumia kweli hiyo kama sababu ya kutowapa kitu kingine. Muuguzi akilia chooni katikati ya zamu, anaambiwa awe imara, asali zaidi. Nasema hili nikiwa mchungaji wa roho ninayeamini katika sala: kumwambia mtu aliyeishiwa nguvu kwamba imani yake ndiyo ndogo ni kumwongezea mzigo.

Yako yanayowezekana. Huko Boston, Marekani, mwanasheria mmoja, Kenneth Schwartz, aliugua saratani ya mapafu akafariki mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 40. Katika miezi yake ya mwisho aliandika jinsi upole wa waliomhudumia ulivyomsaidia kuvumilia yasiyovumilika, akaanzisha kituo cha kuulinda upole huo. Kituo hicho kikaanzisha vikao ambavyo leo vinafanyika katika hospitali nyingi za Marekani na Uingereza. Daktari, muuguzi na mfanya usafi hukaa pamoja, wakazungumzia mgonjwa fulani alivyowagusa: nani alimkasirikia, nani bado anamwota, nani alijilaumu. Dawa na vipimo havijadiliwi humo.

Na tusidhani kumlinda anayeuguza ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Dokta Anne Merriman, aliyeanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993 na kuwafikishia wagonjwa mofini ya maji ya bei nafuu, aliwahi kuwa mtawa wa shirika la Medical Missionaries of Mary, shirika lilelile lililoanzisha hospitali yetu ya Makiungu miaka ya 1950. Mofini ile ni tiba ya mgonjwa, lakini mkesha kando ya mtu anayepiga kelele za maumivu huku huna cha kumpa ni katika mambo yanayommaliza muuguzi upesi zaidi. Dawa ya maumivu ikikosekana wodini, wanaoumia ni wawili.

Sasa turudi kwa Marko, maana kisa hakikuishia kwenye mwaliko mzuri. Yale mapumziko yaliharibika. Watu waliiona mashua ikiondoka, wakakimbia kwa miguu, wakafika kabla yake. Yesu aliwahurumia, akawafundisha hata kukachwa, na mitume wakajikuta tena kazini, wakigawa mikate. Kila muuguzi anaijua siku ya namna hiyo. Lakini endeleeni mpaka aya ya 45. Baada ya watu kula, Yesu anawalazimisha wanafunzi wapande mashuani watangulie ng'ambo, wakati yeye mwenyewe anawaaga makutano. Mara ya kwanza aliwaalika, haikutosha. Mara ya pili alichukua nafasi yao. Mkubwa alibaki na umati ili wadogo waweze kuondoka.

Hapa ndipo ninapotaka tufike, na nasema na waganga wafawidhi, matroni, bodi za hospitali zetu za kanisa na za serikali. Muuguzi wa saratani asitumiwe ujumbe wa kumkumbusha kupumzika. Awekewe saa ya kukaa na wenzake na kuzungumza, iandikwe kwenye ratiba ya zamu, walau mara moja kwa mwezi, na awepo mtu mwenye jina aliyepangwa kukaa wodini saa hiyo. Anayeongoza mazungumzo awe amesomea ushauri nasaha, tena asiwe bosi wake. Yanayosemwa yasiingie kwenye faili la mtu. Jambo hili lisigeuke semina ya siku moja yenye soda na posho, maana faida yake hufifia watu wakirudi kwenye zamu zilezile. Wala sisi mapadre tusiligeuze kuwa mahubiri, tuitwe tukihitajika.

Nanyi wa Jumuiya Ndogondogo mnayo sehemu. Sindano haiwahusu. Kumlisha uji mgonjwa asiye na ndugu, kumgeuza mkielekezwa namna, kuchota maji, kukaa naye tu, hayo yanawahusu. Parokiani wapo pia wauguzi wastaafu ambao leseni zao bado hai, na hatujawahi kuwauliza kama wangekubali kushika wodi saa moja kwa mwezi. Viongozi wa jumuiya, wiki hii mwendeeni matroni mkamuulize ni siku gani na saa ngapi angehitaji watu, kisha mniletee majina kabla ya Jumapili ijayo. Langu liandikeni la kwanza.