Vazi la Mzee na Kitufe Chake



Ndiyo, wiki hii naandika juu ya katuni. Kifungua mimba wetu alishikwa na homa, akakosa shule siku tatu, na zamu ya kubaki naye nyumbani ikawa yangu. Tukatazama Batman Beyond, ile iliyotengenezwa Marekani kati ya 1999 na 2001. Nilidhani nitakuwa nikisinzia kwenye kochi huku yeye akitazama. Kumbe ni mimi niliyekosa usingizi usiku ule.

Wengi mnamjua Batman. Ni tajiri anayeitwa Bruce Wayne. Wazazi wake waliuawa kwa risasi akiwa mtoto, naye akaapa kupambana na wahalifu usiku akiwa amevaa vazi la popo, na kwamba katika vita hivyo bunduki hataigusa. Katuni nyingi humwonyesha akiwa na nguvu zake. Hii inaanza akiwa mtu mzima sana. Anaingia mahali kumwokoa msichana aliyetekwa nyara. Amevaa vazi jipya linalomwongezea nguvu, lakini katikati ya mapigano moyo unamgomea. Jambazi anamzidi, anampiga vibaya. Mzee anaokota bunduki iliyoanguka, anamwelekezea. Jambazi anatoroka. Risasi haikutoka, lakini mzee amejiona. Kile alichoapa kwamba hatakifanya, mkono wake ulikuwa umeanza kukifanya.

Anarudi kwenye pango lake la siri, anatundika vazi, anazima taa, anafunga. Miaka 20 inapita.

Kwanza nimpe sifa yake. Alijua siku imefika. Hakungoja aanguke mbele ya watu, wala hakungoja mtu amnong'oneze. Sisi tunaomwomba Mungu neema ya kuanza huduma, ni mara ngapi tunaomba neema ya kujua siku ya kuiacha? Hapo mzee hana kosa.

Lakini kuna mambo mawili ambayo yeye aliyafanya kuwa moja. Aliacha kazi, halafu akaifunga. Haki ya kuacha alikuwa nayo, mwili ulikuwa umekataa. Je, haki ya kufunga alikuwa nayo?

Mnaweza kusema pango lilikuwa lake, vazi lake, mashine zote alinunua kwa pesa yake. Ni kweli. Na ana hoja nyingine nzito zaidi. Zamani alikuwa na vijana waliomsaidia. Katika filamu ya katuni hiyo iliyotoka mwaka 2000 tunaelezwa kwamba mmoja wao, Tim Drake, alitekwa na yule adui anayeitwa Joker, akateswa mpaka akaharibika akili kwa muda. Baada ya hapo mzee hakutaka tena kuona mtoto wa mtu kwenye vita vyake. Mzazi yeyote anaelewa hapo. Mimi pia naelewa. Kuna huduma nimeona zikiwavunja vijana wazuri, na sikushangaa wazee waliposema basi, tusiweke mtu mwingine pale.

Hata hivyo, angalia kilichotokea nje ya pango. Mji umejaa magenge ya vijana wanaojipaka rangi usoni kama yule yule Joker. Kampuni yake mwenyewe imeshikwa na mtu anayeitwa Derek Powers, ambaye kwa siri anatengeneza gesi ya sumu. Mzee yuko nyumbani na mbwa wake, milango imefungwa. Alijiuliza kama yeye anaweza tena, akapata jibu la kweli: hapana. Kosa ni kwamba jibu hilo la mtu mmoja alilifanya kuwa jibu la mji mzima. Hakuna aliyeulizwa kama yuko tayari.

Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga unga kijijini. Mgongo ulipomshinda aliifunga kwa kufuli, akakaa na ufunguo. Alisema sisi watoto tutaiharibu, na pengine ni kweli tungeiharibu. Lakini akina mama walianza kutembea hadi soko la pili na debe la mahindi kichwani, na ile mashine ililiwa na kutu pale pale ndani. Alikuwa mtu mwema. Hakuwa na nia ya kumtesa mtu. Aliogopa tu kuiona kazi yake mikononi mwa mtu asiyeifanya kama yeye.

Sasa fungueni 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kushinda Karmeli, na vitisho vya Yezebeli vimemkimbiza mpaka jangwani. Anakaa chini ya mretemu, anaomba afe. Baadaye, Horebu, yuko ndani ya pango (naye pia pango!) akimwambia Mungu mara mbili kwamba ni yeye peke yake aliyesalia. Huwa tunahubiri ile sauti ndogo ya utulivu, na ni vizuri. Lakini soma Mungu alisema nini baada ya ile sauti. Hakumbembeleza. Alimtuma barabarani awapake mafuta watu watatu: Hazaeli, Yehu, na Elisha atakayekuwa nabii mahali pake. Halafu akamwambia kuna watu 7000 ambao hawajampigia Baali magoti. Eliya alikuwa amehesabu mmoja.

Nimekuwa nikisoma sura ile miaka mingi bila kuona jambo lingine. Katika wale watatu, Eliya mwenyewe alimfikia mmoja tu, Elisha, akamtupia vazi lake akiwa analima. Habari za Hazaeli zinakuja 2 Wafalme 8, na aliyekutana naye ni Elisha. Yehu alipakwa mafuta katika sura ya 9 na kijana wa manabii aliyetumwa na Elisha. Yaani Mungu alimpa mzee kazi tatu, na njia ya kuzitimiza zote ilikuwa kuifanya ile ya mtu wa kumrithi. Nilisomea biashara, na darasani tulikuwa tukiuliza swali moja lisilo la adabu: meneja huyu akigongwa na matatu kesho asubuhi, kampuni itafunguliwa saa ngapi? Tulifikiri ni swali la watu wa Nairobi wenye suti. Liko Horebu.

Na Elisha naye? Yeye hakuacha mtu. Gehazi alipotea kwa tamaa ya fedha na mavazi ya Naamani. Elisha akafa, akazikwa, na maiti iliyotupwa kaburini mwake ikagusa mifupa yake ikafufuka. Tunashangilia muujiza ule. Mimi siku hizi nikiusoma nashangilia kidogo, halafu nasikitika kidogo. Nguvu ile yote, na iko kaburini.

Turudi kwenye katuni, maana mrithi alipokuja alikuja vibaya. Anaitwa Terry McGinnis, mwanafunzi wa sekondari, mkorofi, ana historia ya makosa ya utotoni. Amegombana na baba yake, ametoka nyumbani kwa hasira, magenge yamemkimbiza hadi kwenye lango la mzee. Mzee anamsaidia kwa fimbo yake ya kutembelea, moyo unamsumbua, kijana anamwingiza ndani. Humo ndani, kwa kupekua, anagundua pango. Mzee anamfukuza. Kijana akifika nyumbani anakuta baba yake ameuawa, kwa sababu ya siri ya ile gesi. Anarudi na kuliiba vazi.

Ukiitisha usaili, huyu hapiti hata kwa katibu. Hana barua ya pendekezo, ana hasira, na ameanza kwa wizi. Siutetei wizi, watoto wa Sunday school mkisoma hapa mnielewe. Nasema tu kwamba mzee hangemchagua. Tunapoomba Mungu atupe warithi, akilini tayari tuna picha ya mtu: anafanana na sisi tulipokuwa vijana, ila mtulivu kidogo. Watayarishaji wenyewe walishindwa kuvumilia jambo hili. Mwaka 2005, katika katuni nyingine ya mfululizo ule ule, walifichua kwamba kumbe kwa mpango wa siri wa serikali kijana huyu alikuwa damu ya Bruce Wayne tangu tumboni. Hapo waliniudhi. Kwa nini lazima awe mtoto wake? Gershomu na Eliezeri walikuwa wana wa Musa, na aliyewavusha watu Yordani ni Yoshua wa kabila la Efraimu. Wana wa Samweli waliwekwa kuwa waamuzi wakala rushwa.

(Askofu amesoma makala haya kabla hayajachapwa. Alicheka, akaniuliza kama kuna ujumbe wake humu. Nikamwambia hapana, Baba, subiri aya inayofuata.)

Kijana akiwa ndani ya jengo la Powers na vazi la wizi mwilini, anasikia sauti ya mzee masikioni: rudisha. Anakataa. Mzee, kutoka kwenye kiti chake nyumbani, anabonyeza kitufe na vazi linakufa ganzi. Kijana anaanguka, hawezi kusogeza hata kidole, na walinzi wanamshukia kwa kipigo. Hapo mwanangu aliinua kichwa kutoka kwenye mto akaniuliza, "Baba, mbona mzee amemzima na anapigwa?"

Sikumjibu. Nilikuwa nafikiria mwezi wa Machi.

Mnakumbuka miaka miwili iliyopita nilikabidhi uongozi wa vijana. Tulimwekea ndugu yetu mikono hapa madhabahuni, mkapiga makofi, tukala keki. Msichokijua ni kwamba niliendelea kuwa msimamizi wa grupu ya WhatsApp, pesa za vijana zikaendelea kuingia kwenye laini yangu ya M-Pesa, na funguo za stoo ya vyombo zikabaki kwenye droo yangu. Nilijiambia ni uangalizi. Machi akapanga kesha ya kufanyia nje, uwanjani, badala ya humu ndani. Nikaiona bajeti, haikukaa vizuri. Saa mbili usiku nikaandika mstari mmoja kwenye grupu: kesha imeahirishwa. Sikumpigia simu kwanza. Vijana wote wakausoma wakati mmoja na kiongozi wao. Alijibu maneno mawili tu, "Sawa Pastor." Kwa wiki kadhaa hakupanga kitu kingine, na mimi nikawa nalalamika kwa mke wangu kwamba kijana hana maono.

Bajeti ilikuwa na shida kweli. Hilo silifuti. Hata yule mzee alikuwa na sababu, vazi lilikuwa la wizi. Lakini alimzima akiwa katikati ya adui zake.

Katika katuni, kijana akiwa chini anamweleza mzee kuhusu baba yake, na mzee anaachilia kitufe. Baadaye anamwajiri, na kazi yao inakuwa hivi: kijana yuko nje usiku, mzee yuko pangoni mbele ya mitambo akimwongelesha sikioni. Anamwonya. Anaona hatari ambazo kijana hawezi kuziona kutoka chini. Kijana anabishana naye, na mara nyingine anafanya alivyoona yeye, na vazi linaendelea kufanya kazi. Ni sauti ile ile ya yule mwigizaji, Kevin Conroy, aliyekuwa Batman wa katuni ya 1992, sasa imekwaruza kwa uzee. Katika Hesabu 27 Musa anaambiwa ampe Yoshua sehemu ya heshima yake mbele ya mkutano wote, akiwa bado hai, ili watu wamtii yule kijana. Wamtii yeye, wapendwa. Mimi nilitaka vijana wamtii kiongozi wao mpaka pale nitakapoandika kwenye grupu.

Jumanne nilimwita ofisini nikamwomba msamaha. Nilimpa funguo za stoo. Grupu nimemwachia usimamizi na mimi nimebaki mwanachama wa kawaida, na mambo ya M-Pesa mhazini wa kanisa anayashughulikia wiki hii. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini Pastor, bajeti si bado utanisaidia kuiangalia?" Nikasema nitaiangalia.

Kesha ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, uwanjani, kuanzia saa tatu usiku. Njooni na mablanketi. Kwenye usafiri wa kurudi nyumbani alfajiri bado naona hesabu haijakaa, na nimemwambia hivyo. Amesema atafikiria.