Mji Usio na Kibla

Mchoraji Mholanzi Constant Nieuwenhuys alianza kuuwaza mji wake mwaka 1956, alipokutana na kambi ya Waroma, watu wa kuhamahama, huko Alba, Italia. Aliuita New Babylon. Mwaka 1963 akautolea litografia, picha zinazochorwa kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe kisha kupigwa chapa karatasini: ngazi, kuta za kuhamishika, vijia vinavyopotezana. Kazi zote zinafanywa na mashine. Binadamu anacheza na kuzurura, wala hana haja ya kulala alipolala jana.

Hapa mtaani Waberi, Garissa, wengi wetu ni wajukuu wa wahamaji, na ndoto hiyo inanigusa. Bibi yangu aliifungua aqal yake, nyumba ya vijiti na mikeka, akaipakia juu ya ngamia kabla jua halijachoma. Lakini bibi hakuzurura. Alijua kisima kipi kina maji na ni cha ukoo gani. Constant aliona kuhama, kisima hakukiona.

Kinachonisumbua zaidi ni dari. Mji ule umeinuliwa juu ya nguzo, ukafunikwa; mwanga ni wa taa, ubaridi na joto ni vya mitambo. Nikiwa humo, adhuhuri nitaijuaje? Nitaelekea wapi? Garissa iko kusini mwa Makka karibu sawasawa, kwa hiyo sisi tunaswali tukielekea kaskazini. Mtoto wa duksi, chuo cha Kurani, analijua hilo kabla hajaweza kuandika jina lake.

Mtu ataniambia kibla ni kizuizi, na anayecheza hataki kuzuiwa. Siamini. Wazee wanapocheza shax, kwanza wanachora mchangani miraba 3, mmoja ndani ya mwingine, na mistari ya kuiunganisha. Kila mchezaji ana kete 12. Futa mistari, utabaki na kokoto tu. Hata Johan Huizinga, ambaye kitabu chake cha mwaka 1938 ndicho Constant alichokitegemea kumwelezea binadamu mchezaji, alishikilia kwamba mchezo una uwanja wake na kanuni zake.

Baadaye Constant mwenyewe alianza kuchora ukatili na damu ndani ya mji huo, na mwaka 1974 akauacha mradi. Alichokitaka nakipenda bado: binadamu aondolewe kazi ya kuvunja mgongo. Nakitaka kwa kila mama anayebeba dumu la maji hapa kwetu. Ila paa lile ningelitoboa jua liingie, na kila ukumbi ningeuwekea mihrabu.