Haki ya Mbwa Asiyebweka

Lugha yetu haina ukarimu mwingi kwa mbwa. Tukitaka kumtusi mtu, jina lake huwa miongoni mwa ya kwanza kutujia ulimini. Tukitaka kumwonya kijana juu ya sahibu wabaya, twamwambia kuwa ukicheza na mbwa ataingia nawe msikitini. Na yule anayezurura bila mwenyewe tumemwita mbwa koko, jina ambalo humwangukia pia binadamu asiye na kwao. Hata methali inayoonekana kumsifu, ile isemayo mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, sifa yenyewe yamwendea msasi. Labda ile ya mbwa asiyekufa maji akiona ufuko ndiyo inayomtazama kama kiumbe mwenye roho yake, mwenye hofu na tamaa ya kuishi.

Sikusudii kuitetea heshima ya mbwa katika methali. Ninachotaka kuuliza ni jambo jingine: je, mtu aweza kuwa na deni kwa kiumbe asiyempenda? Mara nyingi habari ya haki za wanyama hufikishwa kwetu kama habari ya mapenzi. Huambiwa tuwapende, tuwakumbatie, tuwape majina na mito ya kulalia. Mpwani aliyelelewa kuepuka mate ya mbwa husikiliza, hutabasamu kwa adabu, kisha huondoka akiamini kuwa maneno hayo hayamhusu. Mimi naona yanamhusu, ila yamefikishwa kwake kwa mlango usio wake. Ili nilieleze hilo itabidi nimchukue msomaji mbali na bahari.

Bugene ni kata ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, jirani na Kayanga yaliko makao makuu ya wilaya. Kutoka mji mdogo wa Omurushaka barabara yaelekea Kyerwa, ambayo tangu 2012 imekuwa wilaya ya peke yake. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa, yenye ubaridi wa asubuhi tusioujua sisi wa visiwani. Hata hivyo si nchi ngeni kwetu kama tunavyodhani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, katika ufalme wa Karagwe uliotawaliwa na Rumanyika, na Stanley alipopita huko mwaka 1876 alimkuta Ahmed bin Ibrahim akiwa mwenyeji wa siku nyingi. Watu wetu, basi, wamekwisha kulala katika nchi hiyo na kusikia mbwa wake wakibweka usiku.

Mbwa wa Bugene ana kazi. Hulinda nyumba iliyozungukwa na migomba, ambapo mtu aweza kukaribia hadi ukutani bila ya kuonekana, hulinda mbuzi, mara nyingine hufuatana na vijana porini. Wenye mbwa wakikutana hawakosi la kuzungumza, na mazungumzo yao nimeyasikiliza kwa raha, kwa sababu yana elimu na upotofu uliochanganyika kama mchele na chuya. Mmoja atakwambia kuwa ugali mtupu haumtoshi mbwa anayekua, na kuwa ukimtilia vichwa vya dagaa utaona manyoya yake yanavyong'aa. Mwingine atakataza mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo. Naye asema kweli. Wa tatu ataapa kuwa mbwa mwenye ukurutu hupona kwa kupakwa oili chafu ya gari. Hapo pana hatari, maana mbwa hujilamba, na sumu aliyopakwa ngozini huishia tumboni mwake. Ukurutu hutokana na vidudu vidogo mno, na dawa yake iko kwa bwana mifugo. Atatokea na wa nne, aghalabu kijana, aaminiye kuwa mbwa hulishwa pilipili awe mkali. Pilipili haimfanyi mbwa kuwa mkali. Humtia maumivu, na mwenye maumivu huuma yeyote aliye karibu, akiwamo mwana wa mwenye nyumba.

Katika mazungumzo ya namna hiyo, mama mmoja mtu mzima aliuliza jambo lililonikaa moyoni kuliko yote. Mbwa wake alikuwa amezeeka. Meno yalikuwa yamemtoka, jicho moja limeingia ukungu, na mgeni aweza kumruka akiwa amelala mlangoni bila ya yeye kuinua kichwa. "Habweki tena," alisema. "Nimfanyeje?"

Majibu yalikuwa mengi na ya haraka. Kijana mmoja akamwambia, "Mama, mpeleke sokoni umwache huko, atajitafutia." Mwingine akasema apatikane mtu wa kumpiga rungu, yaishe. Mzee aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Amekulindia miaka mingapi, mama?" Yule mama akahesabu kwa vidole, akafika kumi na moja. Mzee hakuongeza neno, na kijana aliyetaja soko akageuza habari.

Tutazame kilichokuwamo katika swali la yule mzee. Hakuuliza kama mama anampenda mbwa wake. Huenda hakumpenda, wengi wa watu wale hawamgusi mbwa ila kwa haja, wala hawamwingizi ndani. Wala hakuuliza kama mbwa angali na manufaa, maana jibu lilikuwa limelala mlangoni na wote waliliona. Aliuliza hesabu ya miaka, kama mtu anayefungua daftari la madeni.

Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant, katika mafundisho yake ya maadili ya karne ya 18, alipitia mfano unaofanana na huu. Alisema kuwa mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu anastahili kutunzwa hadi kufa kwake pindi asipoweza tena kutumika. Lakini alipoulizwa sababu, Kant alirudi kwa wanadamu: mwenye kumfanyia mnyama ukatili huufanya moyo wake mwenyewe kuwa mgumu, na moyo mgumu utakuja kuwadhuru watu. Kwa maneno mengine, mbwa ni chuo tunachojifunzia wema, na wema wenyewe wawahusu wengine. Nakubali kuwa ukatili ni mazoea na mazoea huenea. Sikubali kuwa hiyo ndiyo sababu yote. Yule mama angalikuwa peke yake duniani, bila mwana wala jirani wa kudhuriwa na ugumu wa moyo wake, mbwa angalibaki amelala pale, na miaka 11 ingalibaki kuwa 11.

Jawabu lililo karibu zaidi na la mzee wa Bugene nimelikuta kwa mwanachuoni wa madhehebu yaliyoenea katika pwani yetu. Izzuddin bin Abdussalam, Mshafii aliyezaliwa Damascus na kufariki Cairo mwaka 1262, aliandika juu ya haki za mnyama zilizo juu ya mwanadamu: amlishe na kumgharimia hata akizeeka au akiugua asibakiwe na faida, asimtwishe asiyoyaweza, asimchanganye na wanaomdhuru. Neno lake ni haki, na haki haimngoji mtu apende. Mtu hulipa deni la asiyempenda, na hadhi yake haipungui kwa hilo, pengine huongezeka.

Najua kuna msomaji atakayesema: huyo alikuwa akinena juu ya ngamia na punda, na mbwa je, naye si najisi? Ndiyo, katika madhehebu yetu ni najisi, na chombo alichokitia ulimi huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wana rai nyingine, nami sina haja ya kuiazima. Hukumu ya najisi yanieleza mimi namna ya kunawa. Haimwambii mbwa kuwa hana kiu. Wanaoijua hukumu ya kuosha mara saba waijua pia habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Na walioruhusiwa kufugwa bila ya kupunguza ujira wa mwenyewe ni mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, yaani mbwa wa Bugene kabisa.

Deni lenyewe latoka wapi, ikiwa halitoki katika mapenzi wala faida? Nadhani latoka katika kamba. Mbwa ndiye mnyama wa kwanza kuingizwa katika maisha ya binadamu, kabla ya mbuzi na ng'ombe, miaka isiyopungua 15,000 iliyopita. Katika muda huo tumemtoa katika ukoo wa mbwa mwitu, tukambadilisha umbo na tabia, hata hana tena msitu wa kurudi. Kijana aliyesema "atajitafutia" alisahau kuwa huko sokoni hakuna cha kujitafutia ila mabaki ya watu wengine, mawe yao na magurudumu ya magari yao. Kumfungua kamba mzee wa miaka 11 si kumpa uhuru. Ni kuukimbia upande mmoja wa kamba na kumwachia yeye upande wa pili.

Kamba hiyo hiyo ndiyo hufanya au huharibu tabia. Mtoto wa mbwa aliyezoeshwa watu, sauti na wanyama wengine kati ya wiki ya 3 na ya 14 hukua akijua ni nani adui na ni nani mgeni tu. Aliyefungiwa peke yake mchana kutwa kwenye kamba fupi, kisha akafunguliwa usiku, huwa mkali kweli, lakini ni ukali wa hofu usiochagua. Mwenye mbwa hujisifu, "Huyu hamwachi mtu!" Majirani nao hujua kuwa huyo hana mlinzi, ana ajali inayongoja siku yake.

Na hapa deni huacha kuwa la watu wawili, mwenye mbwa na mbwa wake. Kichaa cha mbwa huua binadamu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni kwa makadirio ya wataalamu, wengi wao Asia na Afrika, na katika wanaoumwa na mbwa washukiwao, karibu 4 kati ya 10 ni watoto wasiotimia miaka 15. Dalili zikishamtokea mtu, hakuna tabibu wa kumrudisha. Kabla ya hapo njia iko wazi: jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha mtu akimbilie hospitali kuanza sindano za chanjo, bila kungoja aone itakuwaje. Mbwa aliyeuma, ikiwezekana kumfungia salama, asiuawe papo hapo. Akiwa mzima baada ya siku 10, hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku ile alipouma. Ukimuua kwa hasira umeifunga ile sauti moja iliyoweza kukupa habari. Ama chanjo ya mbwa mwenyewe, kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kwa wakati, ni ndogo kwa gharama ukiilinganisha na safari ya mzazi aliyempakata mtoto aliyeumwa, akitafuta hospitali yenye dawa.

Kwa hiyo mtu asiyemchanja mbwa wake amewadai watoto wa jirani waibebe hatari aliyoileta yeye. Hapo hata asiyewapenda mbwa abadani hana pa kujitenga, kwa kuwa ugonjwa hauulizi mapenzi ya mtu.

Wako watakaosema: basi na wauawe wote, yaishe. Mara nyingi imejaribiwa, kwa risasi na kwa sumu, katika miji ya Afrika Mashariki na mbali zaidi. Katika kisiwa cha Flores, nchini Indonesia, kichaa kilipoingia mwaka 1997 mbwa waliuawa kwa maelfu juu ya maelfu, na maradhi yakabaki. Watu huficha wawapendao, huleta wengine kujaza pengo, na wageni hao hawana chanjo. Wataalamu husema kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupitia.

Wala hatuhitaji kwenda Indonesia kupata ushahidi. Pemba yetu, ambako wafugao mbwa ni wachache na wasiomgusa ni wengi, ilianza kuwachanja kwa kampeni kubwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimekatika. Chanjo ikalegea, mwaka 2016 maradhi yakaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wakaanza upya, na kufikia mwishoni mwa 2018 yakatoweka mara ya pili. Kazi hiyo haikufanywa kwa mapenzi ya mbwa. Ilihitaji watu wa kuwaleta, tena wengi wao wamefunzwa tangu utotoni kukaa mbali naye. Fiqhi yetu haikuwa kizuizi: kikavu kikigusana na kikavu najisi haihami, na aliyepatwa na mate anajua maji yalipo na udongo ulipo. Yatosha kamba ndefu, mkono mkavu, na mtu mmoja wa kumshika mbwa atulie hadi sindano itoke.