Tusiharakishe Kusema Ni Uzee

Januari 1976, Rita Hayworth, mwigizaji wa Marekani aliyekuwa nyota mkubwa wa sinema enzi zake, aliteremshwa kwenye ndege mjini London akiwa amechanganyikiwa, nywele timtim. Alikuwa na miaka 57. Wapiga picha walikuwapo, na magazeti yakatangaza kwamba amelewa.

Ni kweli alikuwa mnywaji, na hapo ndipo wengi walipopotezwa. Dalili zilianza mapema. Katika filamu yake ya mwisho, iliyotoka mwaka 1972, hakuweza tena kukariri maneno yake, ikabidi arekodiwe sentensi moja moja. Kila alipokosea, pombe ilibebeshwa lawama. Ilifika mwaka 1981 ndipo ikajulikana hadharani kuwa ana Alzheimer, ugonjwa unaoua ubongo polepole. Binti yake, Yasmin Aga Khan, ambaye jina la ukoo wake tunalijua kwa hospitali za Dar es Salaam na Nairobi, alimuuguza hadi mama yake alipofariki mwaka 1987.

Mama huyo alikuwa na jina kubwa na madaktari karibu. Ikiwa yeye alipewa jina la mlevi kwa miaka, sisi wa Kibakwe, huku wilayani Mpwapwa, tujihadhari zaidi. Ugonjwa huu uko nchini kwetu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, wakakuta 78 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao Alzheimer ni aina yake mojawapo.

Sisi tunayo majina yetu ya haraka. Bibi akiuliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa, tunasema ni uzee. Babu akipotea kwenye njia ya shamba aliyoipita maisha yake yote, tunacheka. Mama akishindwa kuhesabu chenji sokoni, au akificha fedha kisha akawatuhumu wajukuu kuwa wameiba, tunakasirika. Akitoka usiku na kuongea peke yake, wapo watakaonong'ona uchawi, na nchi hii imekwisha kuzika vikongwe wengi waliouawa kwa minong'ono ya namna hiyo. Mimi ninayeandika haya ninaweza kuteleza vivyo hivyo, kwa sababu mabadiliko ya mtu tunayeishi naye huja kidogo kidogo na jicho huyazoea.

Kusahau jina la mtu kisha ukalikumbuka baadaye ni jambo la kawaida. Kushindwa kazi uliyoifanya miaka yote ni dalili. Ukiiona, mpeleke mzee kituo cha afya. Apimwe presha, sukari, kaswende, VVU na upungufu wa damu, na aulizwe kama aliwahi kuanguka na kuumia kichwa. Baadhi ya hali hizi huvuruga akili na zina tiba. Kipo pia kipimo cha maswali kilichoandaliwa Hai kwa ajili ya wazee wasiosoma. Sehemu yake moja ni kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano.

Katika hospitali kubwa duniani madaktari hupima pia maji ya uti wa mgongo, yanayovutwa kwa sindano. Kwa mwenye Alzheimer, protini iitwayo amiloidi hupungua katika maji hayo kwa kuwa imeganda kwenye ubongo, na nyingine iitwayo tau huongezeka. Mabadiliko hayo huanza miaka mingi kabla mtu hajapotea njia. Kipimo hicho hakijafika kwenye zahanati zetu, lakini sindano ya mgongoni hutumika hata hapa nchini kutafuta homa ya uti wa mgongo, na wengi huikataa wakiamini inaua au inapoozesha. Sindano hiyo huchomwa kiunoni, chini ya mahali uti wenyewe unapoishia. Mara nyingi anayefariki baada yake alikuwa amecheleweshwa nyumbani.

Ndugu zangu, Alzheimer haijapata dawa ya kuiponya. Hata hivyo, anayejulikana mapema hulindwa dhidi ya hatari za moto na barabara, hugawa mali yake akiwa na akili timamu, na hutunzwa bila kutukanwa. Mzee wako akibadilika, andika unachokiona na tangu lini, kisha umpeleke. Akipewa rufaa kwenda hospitali ya Mpwapwa, Benjamin Mkapa au hata Mirembe, hospitali ya afya ya akili, usione haya. Nenda naye.