Pimeni Kabla ya Kununua

Wapendwa mume na mke, gari likikataa kuwaka, msikimbilie kununua betri mpya kwa karo ya watoto. Toeni gia, mmoja awashe taa na kupiga stata, mwenzake atazame akiwa kando. Taa zikififia sana, shukuni kwanza betri au nyaya zake zilizolegea na kushika kutu: zisugueni, zikazeni, mjaribu tena. Zikibaki kali na stata ikae kimya, chunguzeni swichi, stata na nyaya zake. Injini ikiunguruma, betri ipime volti 14 hivi. Isipofika 13, alteneta haichaji, na betri mpya nayo itakufa. Hata nyumbani, tafuteni chanzo pamoja kabla ya kulaumiana. Haraka haraka haina baraka.